Mama na Kitabu Nyumbani: Habari za Kusoma katika Nchi za Mbeya na Iringa

Mtu akiuliza ni nani waliokileta kitabu katika nchi zetu za Mbeya na Iringa, jibu hupatikana upesi, maana majina ya wamisionari yameandikwa, na makaburi yao yaonekana hata leo. Lakini mtu akiuliza ni nani waliokitunza kitabu kile kisiliwe na mchwa wala kisisahauliwe na watoto, jibu si jepesi. Kazi hiyo ilifanyika penye mafiga, na mambo ya penye mafiga hayaandikwi sana. Kwa hiyo katika insha hii twataka kufuata habari za kusoma kwa akina mama katika nchi hizi, tangu siku za kwanza hata siku zetu, tupate kujua tulikotoka, na tuangalie kama twaitunza vema mali tuliyoachiwa.

Kwanza yafaa tukumbuke ya kwamba wazee wetu hawakuwa na kitabu, lakini hawakuwa bila mafundisho. Jioni, chakula kikiisha kuliwa, bibi alikaa na wajukuu penye moto, akawategea vitendawili na kuwasimulia hadithi, na ndani ya hadithi mlikuwa na adabu, na habari za ukoo, na maonyo juu ya uvivu na uongo. Bwana Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliokaa katika nchi ya Rungwe kati ya miaka 1934 na 1938 na kuandika desturi za Wanyakyusa, wametueleza jambo moja la kuangaliwa sana. Wavulana wa Kinyakyusa walipofika umri wa miaka kumi hivi, walitoka nyumbani kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao mbali kidogo, wakalala huko na wenzao wa rika moja. Lakini hawakujipikia. Walikwenda kula kwa mama zao, kundi zima pamoja, leo kwa mama huyu, kesho kwa mama wa mwenzao. Basi fikirini: kijana amekwisha kutengwa na nyumba ya baba kwa kulala, lakini kila siku yupo mlangoni kwa mama kwa sababu ya chakula, tena hakuja peke yake. Mama aliyekuwa na neno jema la kusema aliweza kulisema kwa rika zima. Mahali hapo pa mafundisho palikuwapo kabla ya misheni, na kitabu kilipokuja kilipakuta tayari.

Katika mwaka wa 1891 vikundi viwili vya wamisionari kutoka Ujeremani vilifika kaskazini mwa ziwa Nyasa. Kimoja kilikuwa cha misheni ya Berlin, nacho kiliongozwa na Alexander Merensky. Cha pili kilikuwa cha Wamoraviani, pamoja na Theodor Meyer. Wamoraviani walijenga Rungwe mwaka uo huo. Mwaka wa 1895 wakaanza Utengule kwa Wasafwa, na mwaka wa 1899 Mbozi kwa Wanyiha, ambayo tangu mwaka wa 2016 imo katika Mkoa wa Songwe. Watu wa Berlin walipanda mashariki kwa Wakinga na Wabena, hata Kidugala na Lupembe. Upande wa Iringa Wakatoliki wa shirika la Mtakatifu Benedikto walianza kazi Tosamaganga katika miaka ya mwisho ya karne ile, na baada ya Vita Kuu ya kwanza wakafuata mapadre na masista wa Konsolata kutoka Turin katika nchi ya Italia.

Hao wote walianza shule, na shuleni wavulana walikuwa wengi kuliko wasichana. Sababu zake zajulikana. Msichana alihitajiwa kuteka maji, kupalilia, na kubeba mdogo wake mgongoni. Tena baba aliona hasara kumweka darasani mtoto ambaye kesho angekwenda kujenga nyumba ya watu wengine. Hata hivyo wake wa wamisionari, na baadaye masista, walikusanya wasichana na wanawake, wakawafundisha kushona, kutunza watoto wachanga, na kusoma.

Hapo palikuwa na swali: wasome kwa lugha gani? Wanaume wengi walikwisha kusikia Kiswahili njiani, wakichukua mizigo ya wafanya biashara au wakifanya kazi kwa serikali. Mwanamke aliyekaa shambani hakupata nafasi hiyo. Kwa hiyo vitabu vya lugha za nyumbani vilikuwa vya faida kubwa kwake. Huko Mbozi Bwana Traugott Bachmann alijifunza Kinyiha, akafasiri Agano Jipya akisaidiwa na wenyeji, na kwa Wanyakyusa na Wabena pia kazi ya namna hiyo ilifanyika. Mama aliyesikia Injili kwa maneno yale yale aliyotumia kumbembeleza mtoto hakuhitaji mkalimani.

Kiswahili nacho kilikuja kwa njia ya shule, na Biblia yake ina historia yake. Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja, iliyotokana na kazi ya Askofu Edward Steere na waliomfuata, ilikwisha kupigwa chapa mwaka wa 1891. Ilikuwa kazi nzuri, lakini watu wa bara waliona maneno mengi ya Kiarabu wasiyoyajua. Kwa sababu hiyo Dr. Karl Roehl, pamoja na Waafrika waliomsaidia, alitoa tafsiri nyingine iliyopunguza maneno ya Kiarabu na kuongeza ya Kibantu: Agano Jipya mwaka wa 1930, na Biblia nzima mwaka wa 1937. Watu wa pwani hawakuipenda sana, lakini makanisa mengi ya bara yaliipokea. Baadaye, mwaka wa 1952, ilitoka Biblia ya Umoja, iliyokusudiwa kusomwa na watu wa Unguja na wa Mombasa na wa bara pia, na katika miaka ya 1990 ikafuata Habari Njema kwa maneno mepesi zaidi. Basi katika ukoo mmoja bibi aliweza kusoma ya Roehl, mama ya Umoja, na binti Habari Njema, nao wakisoma sura moja pamoja hufahamu zaidi kuliko kila mmoja akisoma peke yake.

Sasa twataka kuwaonyesha jambo ambalo wengi hawalijui, nalo lilitokea katika nchi yetu wenyewe. Wanawake wa zamani hawakusoma tu habari za wengine. Wako waliosimulia maisha yao hata yakawa kitabu. Huko Utengule alikaa Bibi Elise Kootz-Kretschmer, mke wa mmisionari, aliyejua Kisafwa vizuri na kuandika mengi juu ya Wasafwa. Yeye aliandika maisha ya wanawake wawili kama yalivyosimuliwa na wenyewe, na habari hizo zilipigwa chapa kwa Kiingereza katika mji wa London mwaka wa 1932. Wa kwanza aliitwa Chisi, au Sichyajunga. Alitekwa angali mtoto, siku za vita na biashara ya watumwa kati ya ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika, akapita kutoka mikono ya watu hawa hata mikono ya watu wale. Wa pili ni Bibi Narwimba. Mumewe alipokufa, yeye mwenyewe alimwomba mrithi wa marehemu amchukue kuwa mkewe. Asimcheke mtu kwa jambo hilo. Siku zile mwanamke asiye na mlinzi aliweza kukamatwa yeye na watoto wake, kulipia kosa la mwingine au kuuzwa kwa wapita njia. Narwimba alitafuta mlango wa kuingia na watoto wake, akaingia.

Habari hizi zilisomwa sana baadaye na wenye elimu ya historia. Bibi Marcia Wright wa Marekani alizitumia katika kitabu chake cha mwaka wa 1993, akaonyesha ya kwamba kwa maneno ya wanawake hao twapata kuijua zamani yetu kuliko kwa barua za maofisa. Twasema hivi kwa kusudi. Mama akitafuta la kuwasomea watoto wake juu ya imani na jamaa, asidhani ya kwamba mambo makubwa yalitokea Yerusalemu na Ulaya tu. Binti anayeisikia habari ya Chisi hufahamu kwa nini bibi zake walishukuru kulala usiku bila hofu.

Tena kulikuwa na magazeti. La kale la misheni kwa Kiswahili katika nchi zetu ni Msimulizi, lililoanza Unguja mwaka wa 1888. Mwaka wa 1910 Walutheri wa Dar es Salaam walianza Pwani na Bara, na Wakatoliki wakaanza Rafiki Yangu. Baada ya vita, mwaka wa 1923, serikali ya Waingereza ilianza Mambo Leo, ambalo lilisomwa hata vijijini mbali. Gazeti moja halikuwa la mtu mmoja. Mwalimu alilisoma, kisha likapita nyumba kwa nyumba, na wasiojua kusoma wakasomewa.

Lakini kilichowafanya akina mama wengi watamani kusoma kilikuwa barua. Tangu miaka ya 1920 wanaume wa nchi hizi walikwenda mbali kutafuta kodi na nguo. Wengine walikwenda Chunya penye dhahabu ya Lupa, iliyovumbuliwa mwaka wa 1922. Wengine kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Wengine wakavuka mpaka mpaka migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na hata migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Mume aliandika, au aliandikiwa na rafiki, na barua ikafika. Mke asiyejua kusoma alifanya nini? Aliichukua kwa mtu mwingine, naye akaisoma kwa sauti. Kama mume alisema ameugua, wote walijua. Kama alisema ametuma fedha, wote walijua, na wenye madai wakaja kabla ya fedha. Kama alisema maneno ya mapenzi au ya kukaripia, yakawa mazungumzo ya kisimani. Na jibu pia lilipita katika mkono wa mwingine, wala mama hakuweza kujua kama lililoandikwa ndilo alilolisema. Kwa mwanamke wa namna hii kujua kusoma hakukuwa pambo. Kulikuwa ufunguo wa nyumba yake, na mpaka siku ile ufunguo ulikuwa mfukoni mwa jirani.

Kisha zilikuja siku za kujaribiwa. Mwaka wa 1916 majeshi ya Waingereza na Wabelgiji yaliingia, na wamisionari Wajeremani wakaondolewa. Waskoti wa Livingstonia kutoka Nyasa walikuja kusaidia, lakini walikuwa wachache na nchi ni kubwa. Wajeremani walirudi kwenye miaka ya 1925 na 1926. Vita ya pili ilipoanza wakaondolewa tena. Mara mbili katika miaka isiyotimia thelathini makanisa ya kusini yalibaki mikononi mwa wenyeji. Historia huwataja waalimu na wazee wa kanisa, nao wastahili kutajwa. Lakini mwalimu mmoja alikuwa na vijiji vingi, wala hakuweza kuwa mezani kwa kila mtu. Watoto waliozaliwa katika miaka ile, wakakua wakijua sala na nyimbo, walifundishwa na nani kila siku? Yatubidi kukiri kwamba walifundishwa na mama zao.

Katika mambo haya mama zetu hawakuwa peke yao ulimwenguni. Wamoraviani walikuwa na desturi ya zamani ya nyumba kusoma neno moja kila siku. Desturi hiyo ilianza katika kijiji cha Herrnhut mwaka wa 1728, Bwana Zinzendorf alipowapa watu neno la kushika siku iliyofuata. Ndugu mmoja alipita asubuhi nyumba kwa nyumba akilitangaza, na tangu mwaka wa 1731 maneno ya mwaka mzima hupigwa chapa katika kitabu. Huko Uingereza alikuwako Susanna Wesley, aliyeishi kati ya miaka 1669 na 1742. Alizaa watoto 19, na karibu nusu yao walikufa wangali wadogo. Kazi zilikuwa nyingi na fedha chache. Lakini aligawanya juma, akampa kila mtoto jioni yake ya kuzungumza naye peke yake. Jioni ya Alhamisi ilikuwa ya John, ambaye baadaye alikuwa mwanzilishi wa Wamethodisti. Na mumewe alipokuwa safarini London, Susanna aliwasomea watoto na watumishi jikoni siku ya Jumapili jioni. Majirani wakasikia, wakaja, hata wakawa watu wapata 200. Kasisi msaidizi aliona jambo hilo halifai, akalalamika, lakini mama hakuacha.

Katika Maandiko pia mambo hayo yamo kwa wazi. Mtume Paulo akimwandikia Timotheo anaitaja imani ya bibi yake Loisi na ya mama yake Eunike kabla ya kutaja kazi yoyote ya Timotheo mwenyewe. Na ile sura ya mwisho ya Mithali, inayosomwa mara nyingi kwenye arusi kumsifu mke mwema, wengi huanza kuisoma katikati. Wakianza mwanzo wake wataona ya kwamba maneno yale ni ya mfalme Lemueli, naye alifundishwa na mama yake. Mama huyo alimwonya mwanawe mfalme juu ya pombe, akamwagiza kuwasemea maskini. Basi hata mfalme alikuwa na mama aliyempa somo.

Tukirudi kwetu, hatuwezi kuiacha kazi kubwa iliyofanyika baada ya uhuru. Katika mwaka wa 1967 watu wazima wapatao 69 katika kila 100 wa Tanzania bara hawakujua kusoma, na katika hao wanawake walikuwa wengi. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka wa 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mama waliokuwa na wajukuu walikaa chini ya miti na katika makanisa, wakashika kalamu kwa mara ya kwanza kwa vidole vilivyozoea jembe. Mwaka wa 1973 ulifanyika mpango ulioitwa Mtu ni Afya: watu wapata milioni mbili walikutana kwa vikundi kila juma, muda wa majuma 12, wakasikiliza redio na kusoma kijitabu kimoja, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Mitihani ya mwaka wa 1986 ilionyesha ya kwamba wasiojua kusoma walikuwa chini ya 10 katika 100. Twajua pia ya kuwa baadaye bidii ilipungua, na wengi waliojifunza wakasahau kwa kukosa vitabu. Maana kusoma ni kama njia ya shambani: isipopitwa huota majani.

Na hapo ndipo lilipo neno letu kwa wasomaji wa leo. Wakati wetu shule zimeenea, na wasichana hujaza madarasa. Lakini sisi waalimu twaona nyumba nyingi ambamo kila mtu ajua kusoma wala hakuna asomaye. Biblia imefungwa kabatini pamoja na vyeti vya ubatizo. Watoto huinamia simu, kila mmoja na yake, na baba huchelewa kurudi. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa siku hizi haungoji mtoto atoke nje, humfuata kitandani.

Hatuwashauri akina mama waongeze mzigo mkubwa juu ya mizigo waliyo nayo. Twashauri siku moja katika juma, na saa moja katika siku hiyo. Mama achague mapema fungu moja la Maandiko na habari moja ya jamaa: labda ya Hana aliyemwombea mtoto, labda ya Ruthu na mkwewe, labda maisha ya Narwimba, labda barua ya zamani ya babu aliyefanya kazi mgodini. Asome kwa sauti, kisha awape watoto nafasi ya kuuliza. Akiona jambo zuri katika gazeti, alikate na kuliweka katika kitabu, maana katika miaka kumi atakuwa na hazina ambayo duka lolote haliuzi. Na mama asiyejua kusoma asione haya. Mtoto wake amsomee, naye aeleze maana, kwa kuwa mtoto ana macho ya herufi na mama ana macho ya maisha.

Nanyi akina baba, msilisome neno hili kana kwamba haliwahusu. Saa ile moja haitapatikana ikiwa mama peke yake ndiye atekaye maji, apikaye, aoshaye vyombo na alazaye watoto. Mume akitaka nyumba yenye maarifa, na achukue ndoo siku ile, au apasue kuni mchana, au akae na mtoto mchanga mapajani wakati mkewe anaposoma. Kwa kufanya hivyo hatapungukiwa na heshima. Baba zetu waliotuma barua kutoka Lupa na Tanga walitamani sana kwamba wake zao wangeweza kuzisoma wenyewe. Sisi tulio nyumbani, ambao hatuna hata haja ya kuandika barua, tutajibu nini kama taa iliwaka na kitabu kilikuwapo, lakini hatukumpa mama saa moja ya kukifungua?